Mlo wa Mkomamanga

Sangola ni mji wa wilaya ya Solapur, jimbo la Maharashtra, India. Upepo wa kusi, uleule uliokuwa ukiyasukuma majahazi ya pwani yetu kwenda Arabuni na Bara Hindi, hufika hapo ukiwa mkavu. Mawingu yake hupanda milima ya Ghats Magharibi, humwaga mvua upande wa bahari, na yakishavuka huwa hayana kitu. Solapur hupata milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, na iko miaka ambayo hata hizo hazifiki. Ni nchi ya mtama, mbuzi na visima virefu. Ndiyo pia nchi ya makomamanga. Maharashtra inaongoza India yote kwa zao hili, na kituo cha taifa cha utafiti wa komamanga kipo Solapur tangu 2005.

Ukipita mashamba hayo kabla ya msimu kuanza, unaweza kudhani umeingia penye msiba. Safu kwa safu, miti imesimama bila jani. Udongo chini yake umekauka, mipira ya umwagiliaji wa dripu imelala juu ya ardhi haina tone. Kumbe aliyefunga maji ni mwenye shamba, na amefanya hivyo makusudi.

Katika hali ya hewa ya India ya kati na kusini, mkomamanga haulali kwa baridi kama unavyolala Uajemi au California. Ukiachiwa, hutoa maua kidogo kidogo karibu mwaka mzima, na mkulima hubaki na matunda ya kila umri kwenye tawi moja: hili limeiva, lile ni changa, lingine bado ni ua. Hakuna mnunuzi anayekuja kuchuma hivyo, na hakuna dawa ya wadudu unayoweza kupiga kwa mpango. Kwa hiyo wakulima huchagua msimu mmoja. Wapo wanaotaka maua ya Januari na Februari, wapo wa Juni na Julai mvua zinapoanza, na wapo wa Septemba na Oktoba mvua zinapoisha. Huo msimu huitwa bahar. Ili kuuanzisha, mti hunyimwa maji wiki 4 hadi 8, muda mfupi kwenye udongo mwepesi na mrefu kwenye udongo mzito. Majani hugeuka manjano. Yanayosalia hupukutishwa kwa dawa ya ethefoni, matawi hupogolewa, samadi huwekwa shinani, kisha vali hufunguliwa. Baada ya siku chache machipukizi mekundu hujitokeza, na ndani yake mna maua.

Nimeanza na njaa hii kwa sababu sura hii ni ya chakula, na chakula cha mkomamanga hakieleweki bila njaa yake. Wengi wanaofunga dripu kwa mara ya kwanza huuliza swali moja: niweke mbolea kilo ngapi? Ni swali la haki, nami nitalijibu kwa hesabu. Lakini mti huu hauulizi kilo ngapi tu. Unauliza lini, na baada ya nini, na pamoja na maji kiasi gani. Mkulima wa Solapur anayevuna vizuri amekwisha kuelewa kwamba anapoyashika maji ameushika mlo wote.

Tuanze na tone lenyewe. Katika miaka ya 1930 mhandisi wa maji aitwaye Simcha Blass aliona mti mmoja umekua kuwapita wenzake ilhali hakuna aliyeumwagilia. Alipochunguza akakuta bomba lililokuwa likivuja chini, tone moja moja, karibu na mizizi. Miaka mingi baadaye, plastiki ilipopatikana kwa bei nafuu, alitengeneza kifaa cha kulidhibiti tone hilo, na mwaka 1965 kampuni ya Netafim ikaundwa katika kijiji cha ujima cha Hatzerim, jangwa la Negev, kukiuza kifaa hicho duniani. Watu husifu dripu kwa kuokoa maji, na ni kweli inaokoa. Kwa mkulima wa matunda, hata hivyo, jambo kubwa zaidi lilikuwa hili: kwa mara ya kwanza aliweza kujua mizizi ya mti wake iko wapi.

Mizizi hufuata unyevu. Penye dripu, udongo hulowa chini ya kila tundu na kufanya bonge la unyevu, pana kwenye udongo wa mfinyanzi, jembamba na refu kwenye mchanga. Baada ya msimu mmoja au miwili, mizizi myembamba inayonyonya hujazana ndani ya bonge hilo, mingi ikiwa katika sentimita 60 za juu. Nje ya hapo ardhi ni kavu. Sasa mkulima akichukua mbolea akaitawanya kuuzunguka mti kwa mkono, kama alivyozoea zamani, sehemu kubwa itaangukia pakavu, mahali ambapo hapana mzizi wala maji ya kuiyeyusha. Itakaa hapo ikisubiri mvua. Mvua ikija kwa kishindo huisukuma chini au huichukua mtoni. Hapo ndipo ilipozaliwa desturi ya kuyeyusha mbolea na kuipitisha ndani ya mpira uleule wa maji: chakula kiende kinywani, si mlangoni.

Lakini vyakula hivi havisafiri kwa namna moja, na hapa naomba msomaji atulie nami kidogo.

Yuria ikiyeyuka haishikwi na udongo. Huenda yanakokwenda maji. Ndani ya siku chache vijidudu vya udongo huigeuza kuwa amoniamu, ambayo hushikwa na chembe za mfinyanzi, kisha huigeuza tena kuwa naitreti, ambayo haishikwi na kitu. Mkulima akiingiza yuria dakika za kwanza halafu akaacha maji yakimbie saa nyingi, atakuwa ameisukuma chini ya mizizi yote, na kisima cha jirani ndicho kitakachoipokea. Fosforasi ni kinyume chake. Ikigusa udongo, hasa ule wa chokaa kama wa Solapur, hung'ang'ania palepale. Ikimwagwa juu husogea sentimita chache tu. Ikipitia dripu huenda mbali zaidi kidogo, kwa kuwa inatua kwa wingi mahali padogo na udongo wa hapo hushindwa kuikamata yote. Potashi iko kati: husafiri, ila kwa mwendo wa taratibu. Kwa maneno mengine, ndoo moja ya mchanganyiko inapoingia kwenye mpira, kila kilichomo kinaishia kina chake. Anayeujua mwendo wa kila kimoja hapati shida kujua kwa nini naitrojeni hugawiwa kidogo kidogo mara nyingi, na fosforasi inaweza kutangulizwa mapema.

Twende kwenye hesabu niliyoahidi. Kiwango ambacho kimependekezwa kwa miaka mingi Maharashtra kwa mti uliofikisha miaka 5 ni gramu 625 za naitrojeni, 250 za fosforasi na 250 za potashi kwa mwaka, pamoja na samadi. Ni kiwango cha mti mzima unaozaa vizuri. Mti wa mwaka mmoja hupewa kidogo zaidi, na udongo uliopimwa unaweza kudai pungufu.

Mbolea za dripu huandikwa namba tatu kwenye mfuko. Ile ya 12:61:0 ina asilimia 12 za naitrojeni na 61 za fosforasi. Ili upate gramu 250 za fosforasi unahitaji gramu 410 hivi, na ndani yake umepata pia gramu 49 za naitrojeni. Ile ya 0:0:50, yaani salfeti ya potasiamu, utahitaji gramu 500. Naitrojeni iliyobaki ni gramu 576, na kwa kuwa yuria ina asilimia 46, hiyo ni kilo moja na robo ya yuria kwa mti. Miti ikipandwa futi 10 kwa futi 15, ekari hubeba miti 290. Kwa ekari basi ni kilo 362 za yuria, zaidi kidogo ya mifuko 7 ya kilo 50.

Mtu akiona mifuko 7, kishawishi ni kuimaliza kwa mara tatu au nne na kwenda kufanya mambo mengine. Tuigawe badala yake katika wiki 20 za kulisha, mara mbili kila wiki: tunapata kilo 9 kwa kila mara. Mti ukiwa na matundu 4 ya lita 4 kwa saa, ekari nzima hunywa lita 4,640 kwa saa. Kilo 9 zikiingia kwa saa moja, kila lita ya maji itabeba gramu 2 hivi za yuria, kiasi ambacho mzizi hukipokea bila kuungua. Ukitaka kuimaliza mifuko hiyo kwa mara nne, lita hiyohiyo itabeba gramu 20. Nimeifanya hesabu hii kwa wastani. Nitaeleza baadaye kwa nini wiki zote hazilingani. Nilichotaka kionekane ni kwamba kuigawa mbolea mara arobaini kunatoka kwenye uwezo wa mzizi wenyewe.

Sasa ndoo. Chukua maji ya kawaida, mimina yuria, koroga. Shika ubavu wa ndoo: itakuwa baridi, na siku ya unyevu hewani nje yake hutoka jasho. Yuria hufyonza joto inapoyeyuka, na naitreti ya potasiamu vivyo hivyo. Jambo hili lina maana kazini, kwani maji yakipoa chumvi inayofuata huyeyuka kwa shida. Salfeti ya potasiamu ndiyo inayosumbua kuliko zote: kilo 10 zataka lita 100 za maji, na bado usipokoroga utakuta mchanga mweupe chini ya pipa. Anayeimimina yabisi ndani ya tangi dogo kisha akalaumu dripu kuziba, ameionea dripu.

Kuna kosa lingine baya zaidi, na halionekani ndani ya pipa la plastiki nyeusi. Ukitaka kuliona, chukua chupa safi ya kioo. Weka maji ya shambani kwako, yeyusha kidogo cha 12:61:0, kisha ongeza kidogo cha naitreti ya kalsiamu. Maji yaliyokuwa angavu yatageuka maziwa, na baada ya muda unga mweupe utatua chini. Hiyo ni fosfeti ya kalsiamu, jiwe. Kalsiamu ikikutana na salfeti hufanya jasi, jiwe pia. Ndani ya tundu lenye njia nyembamba kuliko njiti ya kiberiti, jiwe hilo halitoki. Kwa hiyo kalsiamu hupewa siku yake peke yake, au huwekwa katika tangi lake. Jaribio la chupa hugharimu saa moja au mbili za kusubiri. Lifanywe kila unapobadili aina ya mbolea au chanzo cha maji, maana maji mengine ya kisima yana chokaa ya kutosha kuigandisha fosforasi hata kabla hujaongeza chochote.

Mbolea huingia kwenye bomba kwa njia mbalimbali. Wenye uwezo hutumia pampu ndogo inayodunga kwa kipimo. Wengi hutumia venturi, kipande cha bomba kilichobanwa katikati: maji yakipita pembamba huenda mbio, presha yake hushuka, na mrija mdogo uliounganishwa hapo huvuta mbolea kutoka kwenye pipa. Hakina injini wala hakiharibiki kirahisi, ila kinakula presha, na shamba lenye presha ndogo tangu mwanzo litaona matundu ya mwisho yakikauka. Chochote utakachochagua, kati yake na kisima pawe na vali ya kuzuia maji yasirudi nyuma. Umeme ukikatika ghafla na bomba likavuta kinyume, mbolea yote huishia kisimani, na kisima hicho mara nyingi ndicho familia inachonywea. Vali hii ni ya bei ndogo. Kuiruka ni dhuluma kwa wanaoishi hapo.

Baada ya mbolea kuingia, ipite kwenye chujio, si kabla tu. Na mwendo wa kazi uwe hivi: kama umwagiliaji ni wa saa 3, saa ya kwanza ni maji matupu, ili udongo ulowe na presha itulie hadi mwisho wa safu. Saa ya pili ni mbolea. Saa ya tatu ni maji matupu tena, kuosha mipira na kuisukuma mbolea hadi pale penye mizizi bila kuivukisha. Wanaoruka saa ya mwisho hukuta miezi michache baadaye ute wa kijani ndani ya mipira, kwa sababu chakula kilichobaki humo huotesha mwani na bakteria. Mpira wenye urefu wa mita 100 waweza kuchukua nusu saa kulifikisha tone la mbolea mwisho wake. Atakayezima maji mapema, miti yake ya mwanzo wa safu imekula na ya mwisho imelala njaa.

Hili la mwanzo na mwisho wa safu ndilo ninalotaka mkulima alipime kwa mkono wake. Tafuta vikombe vitatu na saa. Weka kimoja chini ya tundu la kwanza, kimoja katikati, kimoja mwisho. Tundu la lita 4 kwa saa hutoa mililita 200 kwa dakika 3. Kikombe cha mwisho kikiwa na mililita 120, mti ule unapata asilimia 60 za maji na asilimia 60 za mbolea, mwaka mzima, na hakuna mfuko wa mbolea utakaolirekebisha hilo. Nimesoma miongozo mingi yenye majedwali marefu ya wiki na gramu, na ni michache inayoanza na vikombe hivi. Nadhani yote ingeanza hapo.

Turudi kwenye msimu. Maji yamefunguliwa, machipukizi yametoka. Wiki za kwanza mti hutaka naitrojeni na fosforasi, kwani unajenga majani, mizizi mipya na maua kwa pamoja. Maua yakishajaa, mlo hupunguzwa. Mkomamanga hutoa maua ya aina mbili hasa: yale yenye kitako kipana kama chungu kidogo, ambayo hushika tunda, na yale membamba ya mfano wa kengele, ambayo ni ya kiume na huanguka. Naitrojeni ikizidi wakati huu, mti hukimbilia kuotesha matawi marefu na maotea ya shinani, na maua huachwa. Tunda likishashika na kufikia ukubwa wa limau, mlo huongezwa tena, safari hii potashi ikija juu pamoja na kalsiamu mapema, wakati ganda bado linajengwa. Miezi 5 hadi 6 baada ya ua, tunda huiva. Katika wiki za mwisho naitrojeni hukatwa na potashi huachwa iendelee, rangi ikolee na punje zijae sukari.

Kisha huja wakati unaosahauliwa. Matunda yamechumwa, pesa zimeingia, mkulima amechoka na mti umechoka. Wengi hufunga kila kitu. Lakini mti utanyimwa maji tena kabla ya msimu ujao, nao hautaweza kuihimili njaa hiyo bila akiba ndani ya matawi yake. Maua ya msimu mpya hulipwa kwa chakula cha baada ya mavuno yaliyopita. Kwa hiyo miezi ya mapumziko huwa na samadi, mbolea ya kiasi na maji, hadi majani yamekomaa vizuri. Mti ulioachwa mara tu baada ya kuchumwa, kisha ukatiwa njaa ya bahar, hutoa maua machache na wakati mwingine hukauka matawi. Nadhani hapa ndipo mashamba mengi yanapopotea, na ndiyo sababu nakataa kuuhesabu mwaka wa mkomamanga kuanzia kwenye ua, kama ilivyo desturi. Unaanzia siku ya mavuno.

Kuna uovu mwingine wa naitrojeni. Maharashtra imeteswa kwa miaka mingi na ugonjwa wa bakteria ambao wenyeji huuita telya, unaoacha madoa meusi ya mafuta kwenye majani na matunda, kisha tunda hupasuka kwenye doa. Huenezwa na matone ya mvua yanayoruka kutoka jani hadi jani. Wakulima wengi wamehama kutoka msimu wa Juni kwenda ule wa Septemba ili kuikwepa mvua. Mti uliovimbishwa kwa yuria, wenye majani laini mapana na matawi yaliyofunikana, huupokea ugonjwa huu kwa urahisi. Mkulima huona kijani kilichokolea akafurahi. Ni furaha ya hatari.

Kupasuka kwa tunda lisilo na ugonjwa nako kuna chanzo chake, na hapa watu hukimbilia dukani kununua boroni. Boroni ikikosekana kweli, ganda hudhoofika, na kuipulizia kwenye majani husaidia. Lakini mashamba mengi hupasua matunda kwa sababu ya maji: siku kumi kavu, kisha maji mengi kwa pupa. Punje hunywa na kuvimba, ganda lililokakamaa kwa ukame haliwezi kutanuka, linachanika. Dripu inayofunguliwa kila siku au kwa kuruka siku moja moja, kwa kipimo kinachofuata joto, huokoa matunda mengi kuliko chupa yoyote ya dukani.

Chumvi nayo ina mahali pake. Ukitazama chini ya mti wenye dripu baada ya miezi ya kiangazi, utaona pete nyeupe juu ya udongo, pale unyevu unapokoma. Kila tone limebeba chumvi kidogo, ya maji yenyewe na ya mbolea, na maji yanapokwea na kukauka huiacha ukingoni. Mkomamanga huvumilia chumvi kuliko miti mingi ya matunda, na pete hiyo ikiwa mbali na mizizi haina neno. Hatari huja na mvua ndogo ya kwanza. Milimita chache haziwezi kuiosha chumvi hadi chini. Huiyeyusha tu na kuirudisha katikati, juu ya mizizi. Dawa yake inaonekana kama kichekesho kwa asiyejua: mvua nyepesi ikianza kunyesha, washa dripu. Tone lizidi kusukuma nje hadi mvua kubwa ifike iimalizie kazi.

Wapo wanaolima tunda hili bila mpira hata mmoja. Huko Oman, juu ya Jabal Akhdar, makomamanga ya ngazi za mlimani hunyweshwa kwa falaji, mifereji ya kale ambayo mitano kati yake iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Maji hugawanywa kwa zamu, na samadi ya wanyama ndiyo mbolea. Waswahili wengi wenye asili ya huko wanalijua tunda lake. Ni kilimo chenye heshima yake, kinachotegemea chemchemi isiyo na deni kwa yeyote. Solapur haina chemchemi hiyo. Ina visima vinavyozama zaidi kila muongo na mabwawa madogo yaliyotandikwa plastiki, na katika miaka ya ukame wapo walioleta maji kwa malori ili miti isife. Anayenunua maji kwa lori hawezi kuyamwaga mferejini.

Kwetu Afrika Mashariki mkomamanga bado ni mti wa uani zaidi, Lamu, Mombasa, Unguja, mmoja au miwili karibu na kisima. Lakini dripu imekwisha kuingia kwenye nyanya, matikiti na mapapai, na wapo wanaoanza kuuliza kuhusu tunda hili katika maeneo makavu. Kwa hao nina ombi. Kabla hujanunua mfuko wa kwanza wa mbolea ya kuyeyusha, pima udongo wako na maji yako. Vituo vya utafiti wa kilimo, TARI Mlingano kule Tanga, Tanzania, na maabara za KALRO Kabete, Nairobi, Kenya, hupima udongo kwa wakulima. Weka chujio na vali ya kuzuia maji kurudi. Panga vikombe vitatu kwenye safu yako uone kama mti wa mwisho unakunywa sawa na wa kwanza. Vikombe visipolingana, rekebisha mabomba kwanza, na mbolea isubiri.